Hiyo I- ni Nani?

Jumatatu ile kiwanda cha kufua nguo kilipofunguliwa asubuhi, marobota ya shuka yalikuwa yamepanda hadi usawa wa dirisha, na wafanyakazi walikuwa wawili. Wawili, jamani! Shuka za hoteli tatu, za kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na foronya zake, na taulo zake, na vitambaa vya meza vyenye kila doa ambalo binadamu amewahi kumwaga. Halafu mlangoni anaingia mama mmoja wa kukunja taulo na mzee mmoja wa kusukuma toroli, wanaangaza macho huku na huku wakiuliza wenzao wako wapi. Hao wawili ni watu wa Jumamosi, siku ya kazi nyepesi. Watu wa Jumatatu, kumi na mmoja kwa hesabu, walikuwa majumbani kwao wamejilalia.

Fundi wa mashine alitoka nyuma ya tangi la maji moto akifuta mikono, akatazama marobota, akatazama wale wawili, kisha akamgeukia Pasi.

"Ile kompyuta yako imetupa likizo?" akauliza.

Pasi alikuwa ameshainamia skrini. Jina hilo la Pasi alipewa kwa haki yake, maana miaka kumi na mmoja alisimama nyuma ya pasi kubwa ya mvuke, ile inayomeza shuka upande huu na kuitema upande ule, mpaka bega la kulia likawa linamwambia mapema kuliko redio kwamba mvua inakuja. Mwaka jana alianza kujifunza kuandika programu kwenye simu, jioni, amekaa kwenye kochi miguu juu. Mumewe alidhani ni mchezo wa karata. Kumbe mwenzake alikuwa anatengeneza programu ya zamu.

Na programu hiyo ilihitajika, mtu asikudanganye. Zamu zilikuwa zinaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukutani, na kila aliyepita na toroli alifuta jina moja kwa bega lake. Wengine bega lao lilikuwa na akili sana, lilifuta jina la mwenyewe tu, tena Ijumaa tu. Programu ya Pasi ilikuwa inaangalia kila siku saa kumi alasiri kesho ni siku gani, inatafuta watu wa siku hiyo, inawatumia ujumbe kwenye simu zao: kesho una zamu, mashine fulani, karibu. Hakuna chaki, hakuna bega. Bosi alikubali ijaribiwe, akampa Pasi meza ndogo karibu na dirisha na kompyuta kuukuu yenye herufi M iliyong'oka. Wiki tatu Pasi alikaa pale akiiandaa, bega limepumzika, akajiona amefika. Jana yake, Jumapili, ndipo ilipoachwa itume yenyewe kwa mara ya kwanza.

Sasa Bosi alisimama katikati ya marobota. Huyu mama alikuwa bahili wa maneno. Alisema "Toa," watu wakatoa. Alisema "Beba," wakabeba. Nini kitolewe na nini kibebwe, utajua mwenyewe.

"Nini?" akasema.

"Imekataa, Bosi," Pasi akajibu.

"Jumatatu ijayo ikikataa tena, ubao unarudi. Na wewe unarudi."

Hakusema anarudi wapi. Pasi kubwa ilikuwa pale pale nyuma yake inapumua mvuke.

Siku hiyo walipigiwa simu watu mmoja mmoja, wakaja wamenuna, wakafua hadi jioni, na kila aliyepita mbele ya meza ya dirishani aliguna. Ubao ulirudi kwa muda, kuanzia Jumanne. Pasi akabaki na siku sita.

Mapumziko ya mchana alijibanza kwenye stoo ya sabuni na simu yake, akafungua jukwaa la waandishi wa programu. Lilikuwa jukwaa kubwa, la watu wanaosaidiana bure kwa Kiswahili, na alikuwa amesoma mengi mle bila kuuliza kitu. Leo aliuliza. Akajiandikisha kwa jina la PasiMoto, akaandika: "Wakuu, habari za kazi. Imekataa. Nikijaribu mwenyewe inakubali, ikiachwa peke yake inakataa. Msaada tafadhali, ni haraka, nitafukuzwa."

Akangoja kama mtu aliyeweka sufuria jikoni. Dakika tano hazikuisha, jibu likaja, kutoka kwa mtu anayejiita Hakimu.

"Hiyo i- ni nani?"

Pasi akasoma tena. Hakimu akaendelea: "Umesema imekataa. Programu imekataa? Kompyuta imekataa? Simu imekataa? Intaneti imekataa? Serikali imekataa? Kiswahili chetu ni lugha ya ukarimu, i- moja inabeba vitu elfu. Imekataa kufanya nini? Ulitegemea nini, ukaona nini? Mimi sikujui, sipo hapo, sioni meza yako. SWALI LIMEFUNGWA: HALIJITEGEMEI."

Kisha kweli likafungwa, na kikufuli chekundu kikawekwa juu yake.

Loo! Pasi alihisi masikio yanawaka moto. Mtu unaomba maji ya kunywa, unaulizwa glasi ya rangi gani. Akazima simu, akatoka stoo ananuka sabuni, na mchana wote alimjibu Hakimu kimoyomoyo majibu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nyumbani jioni alimkuta mama mkwe sebuleni, amepangilia mito ya kochi anavyotaka yeye.

"Mwanangu, kile kimeletwa?" mama mkwe akauliza kabla ya salamu kuisha.

"Kimeletwa, Mama. Nimekiweka pale."

"Pale pale au pale pengine?"

"Pengine. Pale yule alikuwa anakichezea."

"Umefanya vizuri. Na ile nyingine?"

"Ile walisema mpaka kesho."

Mumewe Pasi, fundi wa friji, mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema, alianza kucheka peke yake. "Nyie wawili mkikamatwa na polisi," akasema, "mtaandika maelezo ukurasa mzima na hakuna atakayejua nani kaiba nini."

Pasi naye akacheka. Maana ni kweli. Kile kilikuwa kifaa cha kupimia presha, pale pengine ni juu ya kabati la vyombo, yule ni mjukuu, na ile nyingine ni miwani. Yeye alijua yote hayo kwa kuwa wameishi nyumba moja miaka tisa. Huyo Hakimu angejulia wapi? Hajawahi hata kunywa maji nyumbani kwake.

Lakini kujua kosa ni kitu kimoja, na hasira kuisha ni kitu kingine. Jumatano alirudi jukwaani na ghadhabu zake. Wanataka maelezo? Watapata maelezo. Akamwaga kodi yote, na hapa sisemi kodi ya nyumba, nasema ile ya kompyuta: mistari mia tisa na arobaini, pamoja na majina ya wafanyakazi, salamu za sikukuu, na picha ya ua alilolichora kwa alama za nyota ili ujumbe upendeze. Juu yake akaandika: "Haya, kila kitu hicho hapo. Watu wa Jumatatu hawakuitwa, wameitwa wa Jumamosi."

Hakimu akajibu: "Sasa i- naifahamu, nashukuru, na ulichotegemea na ulichokiona umesema. Umepiga hatua. Lakini dada, tumekuomba shati lenye doa, umetuletea kabati na milango yake. Nani ataisoma mistari mia tisa? Punguza. Toa kila kitu ambacho ukikitoa kosa bado linabaki. Kitakachobaki mgeni akinakili, akibandike kwake, alione kosa kwa macho yake mwenyewe. Ufungue ukurasa mpya ukiwa tayari. LIMEFUNGWA: HALIJITEGEMEI."

Shati lenye doa. Neno hilo lilimgusa pale penyewe. Miaka ya mwanzo, kabla ya kupelekwa kwenye pasi, alikaa mapokezi, na yeye ndiye aliyeanzisha karatasi ya doa. Wateja walikuwa wanatupa mfuko mezani, "Kuna doa humo," wanaondoka. Doa gani? Kwenye nguo ipi? La mafuta, la wino, la damu? La leo au la mwezi uliopita? Alikuwa anawakimbilia hadi barabarani. Mwisho akatengeneza karatasi ndogo ya maswali manne, na asiyejaza nguo yake haipokelewi, hata angekuwa shemeji yake Bosi. Shemeji yake Bosi mwenyewe aliwahi kurudishwa na suruali mkononi. Doa usilojua historia yake halitoki, linahama tu.

"Kumbe na mimi ni Hakimu," Pasi akajisemea, akaona aibu kidogo, na hasira ikampungua.

Ila ugonjwa wa Hakimu unaambukiza. Alhamisi Bosi alipita akasema, "Toa," na Pasi, bila kukusudia, akauliza, "Nitoe nini, Bosi?" Bosi akasimama. Miaka mingapi hajaulizwa swali kama hilo? "Robota," akasema. "Lipi, Bosi? La hoteli au la hospitali?" Fundi wa mashine akajificha nyuma ya tangi kucheka. "Wewe siku hizi una maswali," Bosi akasema, akaenda kulitoa robota mwenyewe.

Jumapili kiwanda kimefungwa. Saa nne asubuhi Pasi alifuta meza ya chakula, akafungua kompyuta aliyoazima kazini, akaanza kupunguza. Saa kumi alasiri programu ingetuma ujumbe wa Jumatatu. Ikiita tena wale wawili, kesho bega lake liko mvukeni.

Alianza na ua la nyota. Akalitoa, akaijaribu, maana leo nayo ni Jumapili na kesho ni Jumatatu: programu bado inaita watu wa Jumamosi. Akatoa salamu za sikukuu. Kosa lipo. Akatoa majina ya watu na namba zao za simu, akaweka Mtu wa Jumamosi, Mtu wa Jumatatu, basi. Kosa lipo. Akatoa kutuma ujumbe, akaiambia programu iandike tu kwenye skrini. Kosa lipo, limekaa kitako. Ilikuwa kama kumvua nguo mtoto aliyeumwa na siafu: unatoa shati, unatoa soksi, na siafu bado yumo. Mama mkwe alipita na kikombe chake akachungulia.

"Unafuta kazi yako yote, mwanangu?"

"Natafuta doa, Mama."

"Haya. Ile usisahau saa saba."

"Sijasahau." Ile ilikuwa dawa.

Saa saba na robo, dawa imeshanywewa, mistari mia tisa na arobaini ilikuwa imebaki kumi na mbili. Pasi aliitazama kwa mshangao. Yaani kwa mistari hii kumi na mbili ndiyo alikosa usingizi wiki nzima? Akafungua ukurasa mpya jukwaani, akaandika, safari hii polepole:

"Hii ni programu ya zamu za kazi. Inaiuliza kompyuta namba ya siku ya kesho, halafu inaandika nani yuko zamu. Nikiandika namba 3 kwa mkono wangu, inaandika Mtu wa Jumatatu, sawasawa. Lakini nikiiacha iulize yenyewe, na kesho ni Jumatatu, inaandika Mtu wa Jumamosi. Nilitegemea Mtu wa Jumatatu. Mistari yote ni hii hapa chini. Orodha ya siku sijaiweka kwa sababu ni ya kawaida tu, haina shida."

Hakimu alikuwepo. Sijui huyu mtu alikuwa anakula saa ngapi. "Dada PasiMoto, hili sasa ni swali!" akaandika. "Nimefurahi hadi nimesimama. Kimebaki kipande kimoja. Nimebandika kwangu, haiendi, inaitafuta hiyo orodha ya siku. Iweke."

"Hiyo haina shida, kaka," Pasi akajibu. "Nimeitoa humu humu jukwaani, kwenye jibu la zamani lenye asante mia mbili kumi na nne."

"Hata ingekuwa na asante za dunia nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kila mtu huficha kile anachoamini hakina shida, na shida hukaa hapo hapo kwa sababu hapaguswi. Bandika."

Pasi akasonya, akabandika. Jumamosi 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5, Alhamisi 6, Ijumaa 7. Shida iko wapi hapo? Jumatatu ni tatu, jina lenyewe linasema! Jumanne ni nne, Jumatano ni tano. Hata mtoto wa chekechea atakuhesabia.

Dakika nne zikapita. Pasi akala kucha.

"Nimelipata," Hakimu akaandika. "Wewe unahesabu wiki kama tulivyofundishwa na majina, Jumamosi ni ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu. Kompyuta haijui Kiswahili. Yenyewe inaanza wiki Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu kwake ni 1. Kesho ni Jumatatu, inakuambia 1. Orodha yako inasoma 1, inasema ah, hiyo ni Jumamosi, inaita watu wa Jumamosi. Ulipokuwa unajaribu kwa mkono ulikuwa unaandika 3 ya kwako mwenyewe, ndiyo maana ilikubali. Tena shukuru uliizima mapema. Jumanne ingesoma 2, ingesema ni Jumapili, na kama Jumapili hamfanyi kazi, asingeitwa mtu hata mmoja."

Pasi alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliona kiwanda kitupu siku ya Jumanne, na Bosi amesimama katikati peke yake akisema "Beba" kwa shuka. Akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, mpaka mumewe akachungulia kutoka jikoni.

Lakini Hakimu alikuwa hajamaliza. Furaha ilikuwa imempanda kichwani. "Na huyo aliyekupa orodha hii," akaongeza, "bila kusema inaanza kuhesabu wapi, wala ni kwa mashine gani, anyang'anywe kibodi akalime. Watu wa namna hiyo ndio wanaoharibu jukwaa. Nani huyo? Weka linki hapa tumwone."

Pasi akarekebisha kwanza. Kazi kwanza, umbea baadaye. Jumatatu ikawa 1, Jumapili ikawa 7, akairudishia programu majina yake, namba zake, hata ua lake la nyota. Akaijaribu: watu kumi na mmoja, wa Jumatatu, wote. Ilikuwa saa nane na nusu. Ndipo akaenda kutafuta lile jibu la zamani.

Lilikuwa na miaka tisa. Swali lake lilikuwa la maneno manne: Jumatatu ni namba ngapi? Na jibu, lililotolewa ndani ya sekunde arobaini na mtu anayeitwa Chapchap, lilisema: "Tatu, ndugu yangu, jina lenyewe linasema!" Chini yake ndiyo ile orodha, na asante mia mbili kumi na nne, nyingi zikiwa za watu waliocheka. Pasi akabonyeza jina la Chapchap ili aone ni nani. Ukurasa ukafunguka, na chini ya picha ya kuku mwenye miwani kukawa na maandishi madogo: jina la sasa, Hakimu.

Nyani haoni kundule! Pasi aliinuka akazunguka meza mara mbili. Akamsomea mumewe. Mumewe akaja na mwiko mkononi, akasoma mwenyewe, akasema, "Mwoneshe. Bandika sasa hivi." Mama mkwe, ambaye hakujua linki ni nini, aliuliza tu huyo mtu amemsaidia au hakumsaidia.

"Amenisaidia, Mama."

"Na amekutukana?"

"Amenifungia mara mbili."

"Basi mwambie, lakini mwambie kwa adabu," mama mkwe akasema, akarudi kwenye mito yake.

Pasi akarudi kwenye kompyuta. Angeweza kuandika aya tatu, kila neno na pilipili yake. Mwisho akaweka linki, na chini yake mstari mmoja: "Kaka Hakimu, tangu Jumatatu unaniuliza i- ni nani. Leo mimi nimempata a-."

Hesabu ya wanaosoma ukurasa ilikuwa inaonekana pembeni: kumi na tisa, sitini, mia na tatu. Watu walikuwa wameitana. Hakimu alikuwa na funguo za jukwaa. Angeweza kulifuta lile jibu la zamani kimya kimya, na linki ya Pasi pamoja nalo, na hakuna ambaye angemuuliza. Robo saa ikapita, ikawa nusu saa. Pasi akaanza kumwonea huruma, akatamani kuifuta mwenyewe. Alijua kusimama katikati ya watu na kosa lako limerundikwa mpaka dirishani.

Saa tisa na nusu Hakimu akaandika.

"Ni mimi. Zamani niliitwa Chapchap, na niliitwa hivyo kwa sababu. Yule ndugu aliuliza swali lisilojitegemea, na mimi sikumuuliza ni kwa kazi gani, wala kwa mashine gani. Nilitaka kuwa wa kwanza kujibu, na nilitaka wacheke. Walicheka. Sasa nimeliandika upya jibu lile, nimeeleza linahesabu kuanzia wapi, na juu yake nimeweka kikufuli, ili kila anayepita aone. JIBU LIMEFUNGWA: HALIJITEGEMEI. Dada PasiMoto, Jumatatu yako niliiharibu mimi, miaka tisa kabla hujaianza. Samahani sana. Na kibodi nitaendelea nayo kama mtaniruhusu, maana kulima sijui."

Asante zikamiminika, za kwake na za Pasi. Wengine waliweka picha za kuku. Pasi aliandika, "Yameisha, kaka. Na ukija huku lete nguo zako, ila ujaze karatasi ya doa," na machozi yalikuwa yanamlengalenga, sijui kwa nini, labda uchovu. Hapana, si uchovu. Tangu aanze kujifunza programu, huyu ndiye mtu wa kwanza kumwambia samahani badala ya kumwambia hutaweza.

Saa kumi kamili programu ikatuma. Saa kumi na dakika mbili simu yake ikaita: alikuwa dada wa mashine namba nne, mtu wa Jumatatu. "Wewe Pasi, kweli kesho nina zamu au kompyuta yako inanichezea?"

"Una zamu," Pasi akasema. "Njoo."

Kusema njoo ni rahisi. Kesho yake alifika kiwandani mapema kuliko mlinzi wa geti, akasimama karibu na meza yake ya dirishani bila kukaa. Marobota yalikuwa yamepanda vilevile. Na kama kompyuta haikukosea, je, kama watu wenyewe wamepuuza? Waliitwa ovyo wiki iliyopita, nani atauamini ujumbe wa kompyuta ile ile? Fundi wa mashine aliwasha tangi, akaja kusimama kando yake, na kwa mara ya kwanza hakumtania. Walitazama mlango.

Akaingia dada wa mashine namba nne. Wakaingia wawili wa foronya wakibishana mambo yao. Akaingia wa kukausha, wa kukunja, wa toroli. Fundi alikuwa anahesabu kwa vidole vyenye grisi. "Tisa," akasema. "Kumi." Mlango ukajifunga. Pasi akahisi bega linaanza kuuma, na mvua haikuwepo. Mlango ukafunguka, akaingia wa kumi na moja akihema, kiatu kimoja hakijafungwa, anaapa kwamba ujumbe ameupata ila usafiri ndio uliomchelewesha.

"Kumi na moja!" fundi akapiga kelele, kana kwamba amewazaa yeye.

Bosi alitoka ofisini. Aliwatazama watu wake mmoja mmoja, kila mtu kwenye mashine yake, mashine zote zinanguruma. Akaenda mpaka ukutani, kwenye ubao wa chaki wenye zamu za wiki nzima, majina nusu yamefutwa na mabega. Akachukua dasta, akarudi nayo hadi kwenye meza ya dirishani, akamnyooshea Pasi.

"Futa," akasema.

Pasi akaipokea, akaenda. Safari hii hakuuliza afute nini.